Mbuzi wa Nane na Safari ya Australia

Safari ya Australia ilinigharimu mbuzi wanane, kamera moja ya Kijapani ambayo haikuwahi kuona filamu ya pili, na karibu mwaka mzima wa kuangaliwa na baba wa mchumba wangu kama mtu aliyekanyaga kaburi. Sikufika hata Mombasa. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili, na kila mara inatoka vilevile, kwa hivyo kosa haliko kwenye hesabu.

Bendera yetu ilikuwa bado mpya wakati huo. Nilikuwa na studio ya picha mjini Nyeri, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa bahari na ndege, na wakulima ambao hawajawahi kuona bahari walikuja kuiegemea wakiwa wamevaa koti la arusi. Nilipiga picha za kipande cha kitambulisho, za pasipoti, za arusi na za wanafunzi waliofaulu. Nilikuwa nimepiga nyuso za nusu ya wilaya, na wengi wao walirudi kulalamikia pua.

Hapo ndipo alipoingia yule mwalimu. Alikuwa Mzungu kutoka Australia, anafundisha fizikia katika shule moja ya upande wa Tetu, na alitaka kusafishiwa filamu zake. Nikamtajia bei ya kuanzia, ile ambayo kila mtu mwenye akili hujua kwamba ni ya kuanzia. Akailipa. Nilishtuka hata nikamrudishia shilingi mbili bila kutaka. Siku za baadaye nilimfundisha kubishana bei, na hilo nalo nimelijutia.

Ilikuwa kwenye chumba changu cha giza, tukingoja picha zitokee ndani ya dawa, aliponiambia mpango wake. Mkataba wake ukiisha angerudi kwao, achukue gari, aikate nchi yao katikati, kutoka kusini hadi kaskazini, mwezi mzima akipiga picha. Alihitaji mwenzake wa kushika usukani kwa zamu na anayejua kutunza filamu. Gari na petroli vingekuwa juu yake. Tikiti ya ndege na filamu zangu, juu yangu. Kulikuwa na jarida kule ambalo lingeweza kununua picha.

Nikamwuliza picha za nini. Akanionyesha alizokuwa amepiga zamani: udongo mwekundu, barabara iliyonyooka kama mshono, na mbingu. Nikamwambia udongo mwekundu ninao wa bure, mpaka ndani ya soksi, na mvua ikinyesha ninao hadi kwenye suruali. Akacheka. Lakini usiku ule zile picha hazikuniacha. Nilikuwa nimechoka na nyuso. Nilitaka, angalau mara moja, kupiga kitu kisicholalamika kuhusu pua yake.

Basi tukaanza kupanga. Jumapili baada ya kanisa alikuja na ramani, tukaitandaza juu ya meza yangu ya kukatia picha. Kilomita zake hazikuniingia kichwani, kwa hivyo nilichukua uzi wa kushonea, yeye akanikokotolea kipimo, nikaukata uzi kwa urefu wa Nyeri hadi Nanyuki. Nikaanza kuulaza kwenye ile barabara yao. Ulilala mara hamsini na kidogo. Nikadhani mkono umeteleza, nikarudia. Hamsini na kidogo.

"Na hapa katikati kuna nini?" nikauliza.

"Katikati hakuna kitu," akasema, kwa furaha kabisa.

Mtu anayetoka Nyeri kwenda Nanyuki anapita Kiganjo, anapita Naro Moru, na hakosi mahali pa kunywa chai wala binamu wa kumsukumia gari. Kule, akaniambia, kuna kituo cha petroli, halafu mnaendesha siku nzima, halafu kuna kituo kingine cha petroli. Nikauliza bei ya petroli inaanzia wapi. Akasema imeandikwa kwenye ubao. Nikamwambia hiyo najua, nauliza inaishia wapi. Akasema inaishia hapo hapo kwenye ubao. Nilikaa chini. Muuzaji yuko peke yake jangwani, mteja ni mmoja kwa siku, na hapunguzi hata senti. Umbali niliumeza, lakini hilo lilinikaa kooni.

Kila Jumapili alikuja na mshtuko wake. Tungebeba maji ya siku kumi, mimi mtu wa mlimani ambaye maji humfuata hadi mlangoni bila kuitwa. Filamu tungezifunga ndani ya sanduku na kulifunika magunia yaliyolowa maji, kwa sababu joto la kule huzipika. Usiku tusingeendesha, kwa sababu ya kangaruu, wale wanyama wao wanaoruka. Na gari likiharibika hatutembei, kwa kuwa wanaotembea ndio hufa. Tunakaa kwenye kivuli cha gari, tunangoja.

"Tunangoja nani?"

"Mtu apite."

"Lakini ulisema hakuna mtu."

Akacheka tena. Mimi pia nikacheka, na sikulirudia swali hilo. Nilikuwa nimeshakwenda Nairobi, nimebishana na mwenye duka moja tangu alipofungua hadi alipotamani kufunga, nikarudi na kamera ndogo ya Kijapani iliyonukia ngozi mpya. Nilipiga nayo filamu moja tu ya kujaribu.

Sasa nije kwa msichana niliyemchumbia, kwa sababu ndiye ambaye hesabu yote inamhusu. Alitoka Wamagana, kazi yake ilikuwa kupima na kuandika maziwa ya wakulima kwenye kituo cha kukusanyia, na hakuna mkulima aliyewahi kumletea maziwa yaliyoongezwa maji akarudia mara ya pili. Nilipomweleza kuhusu Australia hakuinua sauti. Alisema, "Ukienda kabla ya kunioa, utanikuta nimeolewa. Maneno ni hayo tu." Tukakubaliana kwamba nimalize mahari kwanza, ruracio tunavyoiita kwetu, halafu niende nirudi. Niliona ni bei nzuri. Nilimtaka yeye kuliko nilivyotaka jangwa, ila nilidhani mtu mjanja anaweza kurudi sokoni na vyote viwili.

Siku ya kwenda kwao kuongea, gari la mjomba wangu lilikataa kuwaka. Mjomba ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Mwalimu akajitolea atupeleke na gari lake, na kwa kuwa alitupeleka, isingekuwa heshima kumwacha nje na kuku. Akaingia, akakaa kwenye kigoda, akala njahi, maharage yetu meusi ya sherehe, akapewa pombe ya muratina kwenye pembe, na akaipenda. Mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri. Baba wa msichana, mzee mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa amefika hatua ya kutabasamu upande mmoja.

Ndipo mwalimu akaomba aseme neno. Kiswahili chake alikuwa amekitoa kwenye kitabu, na muratina ilikuwa imemwondolea haya. Akasimama.

"Wazee, mimi nafurahi sana. Huyu ni rafiki yangu. Mwaka kesho, mimi na yeye tutaingia msituni. Mwezi moja. Asubuhi tutapiga. Jioni tutapiga. Kila kitu tutaona, tutapiga. Wakikimbia, tutangoja."

Wanyama wanaoruka ndio aliokuwa akiwafikiria. Mimi mwenyewe nilisikia picha zote ambazo hakuzitaja, kwa kuwa tulikuwa tumezitaja kila Jumapili. Sikusikia waliyosikia wengine. Niliona tu kwamba mama mmoja aliyekuwa akiinama kuondoa sahani amebaki ameinama.

Mzee hakumtazama Mzungu. Alinitazama mimi.

"Na huko msituni," akauliza polepole, "ni nani atakuwa akimwonyesha mwenzake njia?"

Nikakumbuka uzi wangu na Jumapili zangu zote. Nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha baba mkwe kwamba bintiye anaolewa na mtu wa mpango.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Ramani niko nayo mimi."

Mzee aliigeuza pembe yake juu chini, akaiweka ardhini, pombe ikamwagika hadi kwenye viatu vya mjomba. Kisha akatoka nje. Hatukufukuzwa. Watu walisimama tu mmoja mmoja, wakaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote, mpaka tukabaki sisi watatu na sahani.

Mimi sikulelewa Wamagana. Nililelewa Nanyuki, baba yangu akiwa mpishi katika nyumba za watu, na miaka ile ya hali ya hatari iliyotangazwa na Waingereza ilinipitia nikiwa mtoto upande wa jikoni. Nilijua kwamba kulikuwa na watu walioingia msituni kupigania ardhi. Sikujua neno lenyewe lina uzito gani upande huu wa mlima, wala kwamba halitumiki kwa mambo ya kujifurahisha.

Msichana ndiye aliyenieleza. Siku ya soko alikuja studio, akaketi kwenye kiti cha wateja, bahari ikiwa nyuma yake, mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha ya kipande.

"Ndugu mdogo wa baba aliingia msituni," akasema. "Aliyewapeleka askari mpaka alipolala ni mtu wa kijiji chetu, alikuwa anaingia na Wazungu anawaonyesha njia. Mwili hatukuona mpaka leo. Sasa wewe unakuja kuniposa, unaleta Mzungu, Mzungu anasema mtaingia msituni mpige. Baba anakuuliza nani ataonyesha njia. Unamwambia ni mimi, na ramani niko nayo."

Nikajitetea. "Ilikuwa ni picha. Alisahau tu kusema picha."

"Basi neno hilo moja tutaona litauzwa pesa ngapi."

Mwalimu nilimweleza jioni hiyo. Uso ulimwiva mwekundu kama barabara zake, kisha ukaisha rangi. Aliuliza angesema neno gani badala ya msitu. Nikafikiri. Huku kwetu kwenye ukungu na migomba na kahawa hatuna mahali pa kuitwa hivyo, lakini neno lilikuwepo. Nyika. Angesema tutakwenda nyikani kupiga picha, wazee wangemwonea huruma kwa jua na kumwongezea muratina. Alilirudia neno lile mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo baada ya nyumba kuungua.

Faini ya maneno yale ililetwa na wajumbe wao wawili. Mjomba wangu alianza na mbuzi wawili, wao wakasema hawakuja kuchekeshwa. Akapanda hadi wanne. Wakatazama mlango. Wakafika sita, mmoja wao akasema sita ni ya mtu aliyetukana ng'ombe, si ya mtu aliyetukana maiti. Mimi nikaona tumekaribia mwisho, nikamnong'oneza mjomba apandishe mmoja tu tumalize. Akanikanyaga mguu. Saba kwa wazee wetu ni namba ya laana, haitajwi kwenye mambo ya ukoo, na mahari ndiyo kabisa. Kutoka sita kuna mahali pamoja tu pa kwenda. Nane. Nimefanya biashara maisha yangu yote, nimebishana na wauza dawa za picha na madalali wa kuku, na sijawahi kuona bei ikiruka mbuzi mzima kwa kuogopa namba.

Niliiuza kamera ya Kijapani. Aliyeinunua aliona harufu ya ngozi mpya na macho yangu, akajua nina haraka, akanilipa kama mtu aliyefunzwa na mimi mwenyewe. Mbuzi tukawanunua Endarasha, kwenye baridi, na kuwapeleka Wamagana. Kuhesabu mbuzi kwa sauti, ukiwaelekezea kidole, ni kuwatakia kifo, kwa hivyo niliwahesabu kwa macho. Mara mbili. Wanane. Mzee aliwapokea, akawafungia, akaniambia jambo moja.

"Hawa wameosha mdomo wa Mzungu. Miguu yako hawajaosha."

Maana yake ilikuwa wazi. Faini imeingia, binti hatoki. Miezi ikapita. Nilipokutana na mzee njiani alivuka upande wa pili, hata palipokuwa na matope. Msichana akaniambia kwamba shangazi zake wameanza kutaja jina la mwalimu mkuu mmoja aliyefiwa na mkewe. Kisha akasema, "Mwonyeshe baba huo msitu wenu. Awezaje kuuona kama unamficha?"

Nikamwomba mwalimu zile picha zake za kwanza, zote, nikaenda nazo Wamagana peke yangu. Mzee alikuwa akipogoa kahawa. Hakunisalimia, lakini hakuondoka. Nikazipanga juu ya jiwe, moja moja, kama karata.

Alifuta mikono kwenye koti, akainama. Alikaa sana na ya kwanza. Akaenda ya pili, ya tatu.

"Miti iko wapi?"

"Hakuna, baba."

"Huu si msitu," akasema. "Hii ni Isiolo ikiwa mgonjwa."

Isiolo ni nchi kame ya kaskazini yetu. Nilikuwa tayari kuingia kwenye hesabu ya kurudishiwa mbuzi, lakini hakuwa amemaliza. Alizipitia picha zote tena tangu mwanzo, na safari hii hakuangalia udongo. Aliangalia pembeni, nyuma ya vilima, chini ya gari, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Nchi kubwa namna hii," akasema. "Wenyewe wako wapi?"

Nikamjibu kwamba mwalimu alisema hakuna watu. Nikasikia mwenyewe jinsi neno hilo lilivyotoka.

"Hata hapa Wazungu walisema hivyo. Kamuulize."

Nilimwuliza jioni ile ile, tukiwa kwenye chumba cha giza, kwenye taa yetu nyekundu. Wenyewe wa nchi ile wako wapi? Alichukua picha iliyolowa, akaitundika kwenye kamba. Kisha akasema wapo. Weusi, wa tangu zamani, wapo barabarani mle mle na kwenye vituo vile vile vya petroli. Walikuwepo hata siku alizopiga picha zile.

"Mbona siwaoni?"

"Huwa nangoja wapite," akasema. "Picha inakuwa safi zaidi."

Mimi ni mtu wa kazi hiyo. Kila siku nafukuza watoto mbele ya kamera. Lakini nilisimama pale mkono ukiwa ndani ya dawa mpaka karatasi ikawa nyeusi yote, ikaharibika, na sikumdai bei yake.

Nilipokuwa nikirudi Wamagana nilitengeneza jibu zuri njia nzima. Ningemwambia mzee kwamba watu wa kule ni wafugaji, wamehama na mifugo. Lilikuwa jibu la kuuzika. Kisha nikamwona amesimama kwenye kahawa yake akiningoja, mara ya kwanza kuningoja tangu pembe ile imwagike, nikashindwa kuliuza. Nikamwambia lilivyosemwa. Huwa anangoja wapite.

Mzee alikata tawi moja, akalitupa.

"Sisi pia walingoja tupite," akasema. "Hatukupita."

Halafu akaniuliza kama nimekula. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kuhusu binti, ingawa mjomba wangu alihitaji kwenda tena mara mbili, akiwa na gari lake mwenyewe, ili lisemwe kwa njia inayofaa. Kuhusu Australia hakunikataza. Alisema naweza kwenda nikitaka, ila nikirudi na picha zisizo na mtu nisimletee. Hakukuwa na haja ya kunikataza. Kamera ilikuwa imegeuka mbuzi, na mbuzi hawapigi picha.

Mwalimu alitupeleka kanisani na gari lake siku ya arusi, na safari hii hakuomba aseme neno. Miezi michache baadaye mkataba wake uliisha, akaenda kuikata nchi yake peke yake.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameanza kutembea bahasha ilipofika. Ndani mlikuwa na picha moja. Udongo ule ule, barabara ile ile iliyonyooka, na mbele kabisa mzee na mkewe, watu wa kule, wameketi kwenye kivuli cha gari lao bovu wakiitazama kamera kwa uso wa kusema fanya haraka. Nyuma ya picha alikuwa ameandika maneno mawili ya Kiswahili: "Hawa niliomba."

Niliipeleka Wamagana. Baba mkwe aliishika kwa muda mrefu, akaigeuza, akataka nimsomee maneno yale, kwamba hawa aliwaomba ruhusa, akaitazama tena.

"Sasa hii," akasema, "ni picha."

Aliichomeka kwenye fremu ya picha ya arusi yetu, pembeni, karibu sana na bega langu, na mpaka leo mgeni akiuliza wale ni akina nani huambiwa ni watu wa upande wangu.

Niliona mlango wa biashara uko wazi, nikaingia. Nikamkumbusha baba kwa heshima kwamba yeye mwenyewe alishatamka, mbele ya kahawa yake, kwamba kule si msitu. Faini ilikuwa ya msitu. Sikudai mbuzi wote, kwa kuwa pembe ilimwagika kweli na swali la njia nililijibu mwenyewe. Nilidai mmoja tu, yule wa nane, aliyelipwa kwa kuogopa namba. Mzee akauliza, akinirudishia mmoja watabaki wangapi? Nikafungua mdomo, nikaufunga. Akasema ndiyo hivyo, haitajwi. Halafu akanionyesha zizini: yule wa nane alikuwa amezaa, na watoto wake nao wamezaa, na haijulikani tena ni yupi wa kurudishwa wala ni wangapi, na kuwahesabu haturuhusiwi.

Kila Krismasi namkumbusha, na kila Krismasi ananikatia nyama ya mbuzi, anauliza kama nimeshiba. Mke wangu, aliyekuwa akiwapimia wakulima maziwa bila kukosea hata kikombe, anasema hesabu hiyo haimhusu. Basi wewe unayesoma haya, kama umewahi kumdai baba mkwe wako mbuzi ukampata, nakuomba uniambie ulianzia wapi.